Mshipi Haukatikii Pembamba



Wiki iliyopita nilikuwa Kariakoo, katika moja ya yale maduka yaliyobanana kati ya Msimbazi na Lumumba, ambako nyavu zinaning'inia mlangoni, maboya yamerundikwa hadi darini na ndoana zinauzwa kwa paketi kama sindano za cherehani. Mbele yangu alisimama kijana mmoja, begi mgongoni, jasho kwapani, ana haraka.

"Kaka, nipe mshipi mnene kuliko wote ulio nao."

Muuzaji hakuinuka. "Unakwenda kuvua nini?"

"Changu. Kule kwenye ukuta wa bahari, Barabara ya Obama."

"Changu wa kilo moja ndiyo unamtafutia kamba ya kufungia ng'ombe?"

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. Alisema Jumapili iliyotangulia samaki amemkatia mshipi mbele ya macho yake, na hataki kuaibika mara ya pili. Akauziwa alichotaka, mshipi wa milimita moja nzima, akalipa, akapotelea kwenye umati wa Kariakoo. Nami sikusema neno, maana dukani mtu hahutubii. Lakini maneno yamenikaa kooni wiki nzima, na jioni hii, kwa hisani ya kipaza sauti hiki, nayatema.

Waswahili tuna methali: kamba hukatikia pembamba. Ni methali nzuri kwa kamba. Ukiipeleka kwenye mshipi inakuingiza hasara, kwa sababu mtu aliyekatiwa mshipi anakimbilia unene moja kwa moja, hata haangalii kile kipande kilichobaki mkononi kimekatika wapi. Angekitazama, mara nyingi angekuta ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe. Hilo ni fundo lililoteleza. Au angekuta ncha imekwaruzwa, nyeupe, ina manyoya. Hapo ni jiwe. Na kama ncha ni safi na mshipi umekatika katikati ya maji, basi asilimia kubwa ya kosa iko kwenye mkono uliokuwa umeushika. Wembamba ni mshitakiwa wa mwisho kabisa, na mimi nilichelewa sana kulijua hilo.

Nilijifunza kwenye ngalawa, miaka mingi kidogo nyuma, upande wa Kigamboni unaotazama bahari kuu. Nilikuwa nimenunua mshipi kama wa yule kijana, mnene, mgumu, unaong'aa. Nahodha alikuwa mzee ambaye ameanza kuvua kabla mimi sijazaliwa. Tukatia nanga, kina kama pima 20, na kila mtu akashusha mshipi wake. Wenzangu chubwi lao linagonga chini, wanatulia. Mimi natoa mshipi, natoa, natoa, chini sikuoni. Mshipi umelala nyuma ya ngalawa kama tumbo la tanga lililoshika upepo. Mzee akaniangalia kwa muda, akauweka mkono wake juu ya mshipi wangu, akaupima kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "wewe unavua au unavuliwa?"

Sikumwelewa siku ile. Baadaye nilikaa na kalamu nikamwelewa, na hesabu yenyewe si ngumu. Chukua pima 20, yaani mita 36 hivi, za mshipi wa milimita 0.80. Zidisha urefu kwa unene. Utapata eneo la karibu nusu ya karatasi ile ya A4 ya kutolea fotokopi. Hicho ndicho kibao ulichokisimamisha mbele ya maji. Mkondo ukienda nusu mita kwa sekunde, ambayo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa kusitasita, utakisukuma kibao hicho kwa nguvu ya karibu gramu 400. Chubwi lako la gramu 200 litafanya nini hapo? Na mkondo ukiongezeka mara mbili, msukumo hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Unapita kilo moja na nusu, na bado hujamwona samaki. Uliyemkamata ni Bahari ya Hindi.

Sasa sikiliza upande wa pili wa hesabu, ndio ulio mtamu. Punguza unene kwa nusu, kutoka milimita 0.80 hadi 0.40. Msukumo wa maji unapungua kwa nusu. Lakini uwezo wa mshipi kubeba unapungua hadi robo, maana nguvu ya nailoni iko kwenye uso wa mkato wake, si kwenye upana peke yake. Mshipi mzuri wa 0.40 hubeba takriban kilo 10. Wa 0.80 hubeba kama kilo 40. Kwa hiyo wembamba una gharama, sikufichi. Ila jiulize: changu gani wa ukutani ana kilo 40? Wale watatu tunaowavua tukapiga nao picha hawafiki hata kilo tano wakiwekwa kwenye mizani pamoja.

Maji yanayopita mlango wa bandari yetu hayana mchezo. Tazama pale kati ya Magogoni na Kigamboni panapopita pantoni: mlango ni mwembamba, na maji yote ya kuijaza bandari na mkono wa bahari wa Mtoni yanapita humo humo, kuingia na kutoka, mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu tofauti ni kama mita moja. Muda ni ule ule, saa sita hivi kutoka kujaa hadi kupwa, kwa hiyo maji ya bamvua lazima yakimbie. Ndiyo maana mvuvi wa mshipi anahesabu siku za mwezi kama karani anavyohesabu siku za mshahara. Na hata siku ya bamvua ana dakika zake chache za dhahabu, pale maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Mshipi unashuka wima, chambo kinakaa kama kilivyo, na samaki anayegusa unamsikia papo hapo. Mshipi uliopinda hauleti habari. Samaki anakula, anashiba, anaondoka, wewe unapata taarifa baadaye kama barua ya zamani.

Kuna wavuvi wa aina nyingine kabisa duniani waliolifanya jambo hili kuwa elimu ya maisha yao. Ni wale wanaovua trauti kwa nzi wa bandia, kidudu cha manyoya na uzi kilichofungwa kwenye ndoana ndogo. Usidhani ni habari za Ulaya tu. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905, wakatiwa kwenye mto Gura kule milima ya Aberdare, na baadaye wakafika kwenye mito ya baridi ya nyanda zetu za juu kusini. Trauti anakaa kwenye maji yanayokwenda, uso kwa mkondo, anangoja mdudu aletwe. Mdudu wa kweli anaelea kwa mwendo ule ule wa maji, kama jani. Nzi wa bandia amefungwa. Mshipi ukiburuzwa na maji ya kasi ya katikati ya mto, nzi anaburuzwa naye, anachora mstari juu ya maji, na trauti anarudi zake chini. Kwa hiyo mvuvi wa trauti hufunga mwishoni kabisa kipande cha mshipi mwembamba sana, milimita 0.15 au 0.18, kilegevu, kisicho na ubavu wa kumburuza nzi. Kisha kwa fimbo yake anaunyanyua mshipi mzito uliolala juu ya maji na kuutupa upande wa juu wa mkondo, ili nzi apate sekunde tano, sita za kuelea akiwa huru.

Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka mzee wa Kigamboni. Yeye kolekole wakija juu huondoa chubwi, anatia kipande cha kibua kwenye ndoana, na anaachia mshipi kwa vidole, pima kwa pima, kwa mwendo wa maji. Hauvuti, wala haumwagi. Chambo kinaelea kama kipande kilichodondoka chenyewe. Trauti hajawahi kumwona, na neno la kitaalamu la shughuli hiyo hana haja nalo.

Lebo za mishipi pale Kariakoo nazo zinahitaji mtu wa kuzisoma, maana dunia haikukubaliana. Milimita ni milimita, haina ujanja, na ndiyo ya kuifuata. Kuna mishipi inayoandikwa namba kwa kipimo cha Japani: namba 1 ni milimita 0.165, lakini namba 4 si mara nne ya unene huo, ni mara mbili tu, 0.33. Namba ya Kijapani inafuata uso wa mkato, kwa hiyo ikiongezeka mara nne nguvu ndiyo iliyoongezeka mara nne. Halafu kuna kipimo cha hao wa trauti, chenye herufi X, ambacho kimekwenda kinyumenyume: namba inavyokua ndivyo mshipi unavyozidi kuwa mwembamba. Chukua 11, toa namba ya X, jibu ni unene kwa sehemu za elfu za inchi. 5X ni sita, yaani kama milimita 0.15. Ni urithi wa zamani, mishipi ilipotengenezwa kwa hariri inayotolewa tumboni mwa kiwavi na kupitishwa kwenye matundu ya kuipunguza. Kila ikipita mara moja ikahesabiwa X moja. Kiwavi amestaafu tangu ilipokuja nailoni, iliyogunduliwa katika maabara za DuPont, Marekani, mwaka 1935. Hesabu yake imebaki.

Kilo zilizoandikwa kwenye lebo mimi naziamini nusu. Mara nyingi zinapimwa mshipi ukiwa mkavu, mpya, hauna fundo. Nailoni hunywa maji na ikilowa hupungua nguvu kidogo. Ukiifunga fundo inapungua tena, na fundo baya linaweza kuchukua hata nusu. Siku hizi kuna florokaboni pia, iliyoanzia kwa kampuni ya Kureha ya Japani mwaka 1971. Hainywi maji, ni nzito kuliko nailoni kwa hiyo inazama upesi, inavumilia kukwaruzwa, na inapindisha mwanga kwa kiasi kilicho karibu na maji, ndiyo sababu samaki haioni kwa urahisi. Bei yake itakufanya ukae chini. Ushauri wangu: usinunue ya kujaza kibao kizima cha kuzungushia mshipi. Nunua kidogo, funga pima moja mwishoni, mbele ya ndoana, na mshipi mwingine wote uwe nailoni ya kawaida. Kwa nzia na nguru hata hiyo haifai. Hao wana meno, na dawa ya meno ni waya.

Vijana wanaisifia sana ile mishipi ya kusukwa, laini kama uzi wa nywele, myembamba na yenye nguvu za ajabu. Kwa fimbo na rili, sawa. Kwa mkono mtupu, tafadhali. Hainyumbuki, na ikikimbia na samaki inakata kiganja kama wembe. Nailoni ina ulegevu wake wa asili. Inavutika kabla ya kukatika, na mvutiko huo ndio unaomeza kishindo cha kwanza samaki anapogeuka.

Na hapo ndipo nirudi kwenye ngalawa, maana hadithi haikuishia kwenye mshipi mnene. Mzee alinipa kibao chake cha akiba, mshipi wa 0.50. Chubwi likafika chini mara moja. Hazikupita dakika kumi, kitu kikanyakua. Kolekole, alisema mzee, kwa jinsi anavyokwenda. Mimi kwa furaha nikauzungusha mshipi kwenye kiganja, mizunguko miwili, nikakaza kama mtu anayeshindania jogoo. Kwanza ukanikata, alama ninayo hadi leo chini ya kidole cha shahada. Kisha ukakatika wenyewe. Nikataka kusema mshipi mwembamba. Mzee akauvuta uliobaki, akaangalia ncha, akanionyesha bila kusema neno. Ilikuwa safi. Haikuwa fundo, haikuwa jiwe.

Kolekole wa kilo nne anayeondoka kwa kasi hana uzito wa kilo nne. Ana uzito wa kilo nne pamoja na mbio zake, na anayezisimamisha mbio hizo ghafla ndiye anayekata mshipi. Wenye rili wana breki ndani ya mashine. Huikaza iachie mshipi ukivutwa kwa robo au theluthi ya uwezo wake. Mshipi wa kilo 12, breki kilo tatu, nne. Sisi wa mkono breki yetu ni kidole gumba na kidole cha shahada, na watu wengi hawajui kilo tatu zinasikikaje kwenye vidole. Jipime nyumbani. Funga mshipi kwenye ile mizani ya kuning'iniza ya wauza nyama, mwambie mtoto aishike, uvute huku anakusomea. Utashangaa. Wengi tunafika kilo nane tukidhani ni mbili.

Mzee alivaa vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye vidole, kama pete. Mpira ule unakuza msuguano bila kubana, na ngozi inabaki salama. Mshipi uliotolewa ulikaa mbele yake sakafuni kwa mizunguko mipana, haukanyagwi na mtu, ili samaki akitaka pima kumi azikute ziko tayari. Samaki akienda, mshipi ulipita kati ya vidole ukilia kidogo. Samaki akisita, mzee alivuta pima moja, mbili. Hakuwahi kuvuta samaki anayekwenda. Kuna jambo lingine nililiona kwake nikalielewa kwa kuchelewa: kadiri samaki alivyofika mbali, ndivyo vidole vyake vilivyolegea. Mimi ningekaza. Lakini mshipi mrefu ulio majini unaburuzwa na maji kwa urefu wake wote, na mzigo huo tayari uko juu ya fundo lako kabla hujaongeza wa kwako. Wenye rili wana adhabu ya ziada: mshipi ukipungua kwenye gurudumu hadi upana wa mzingo ubaki nusu, breki ile ile inakuwa imekaza mara mbili, na hakuna mtu aliyeigusa.

Fundo nalo, kwa kifupi. Pitisha kwenye tundu la ndoana, zungusha mara tano, rudisha ncha kwenye kitanzi cha kwanza. Kabla ya kukaza, litie mate. Si ushirikina. Nailoni ikisuguana kavu inapata moto, na moto unailainisha pale pale unapoitegemea. Kaza polepole, kisha livute kwa nguvu ungali nchi kavu. Likikatika mikononi mwako, shukuru.

Na ukinunua Kariakoo, tafadhali, usichukue ule uliotundikwa nje juani kama pambo la duka. Jua linaila nailoni kimya kimya. Kwa macho ni mpya. Omba ulio ndani ya boksi, toa pima moja, upitishe kati ya midomo. Midomo inasikia mikwaruzo ambayo kidole hakiisikii. Piga fundo, vuta. Muuzaji mzuri hatakukasirikia. Akikukasirikia, mtaa una maduka mengine. Vipande vibovu usivitupe ukutani wala majini, maana nailoni haiozi, na nimeshamwona kunguru pale mbele ya soko la samaki la Feri amefungwa miguu na mshipi wa mtu aliyekwenda zake nyumbani zamani.

Yule kijana wa dukani sijamwona tena. Naamini Jumapili alikwenda ukutani na kamba yake ya milimita moja, na nikitazama kalenda ya mwezi, ilikuwa siku ya pili tangu mwezi uandame. Bamvua. Sitaki hata kuuwaza huo upinde wa mshipi wake.

Lakini Jumapili hii mwezi utakuwa na siku tisa, maji mafu. Mimi nitakuwa pale alfajiri na nailoni ya 0.40, pima moja ya florokaboni, ngisi wa chambo niliyemnunua Feri, na tyubu ya baiskeli vidoleni. Kijana, kama unanisikiliza, njoo. Nina kibao cha akiba.